Kazi ya Mpiga Picha

1. Chumba chenye giza

Mtu akiingia katika chumba chenye giza wakati wa mchana wa jua kali, mlango na madirisha yote yakiwa yamefungwa, huenda akaona jambo la ajabu. Ikiwa ukutani pana tundu dogo, kama la msumari, nuru hupenya hapo, na juu ya ukuta wa pili hutokea sura ya vitu vilivyo nje: mti, nyumba, na watu wapitao njiani. Lakini sura hiyo imepinduka. Vichwa vya watu viko chini, na miguu yao iko juu. Sababu yake ni kwamba nuru huenda moja kwa moja, wala haipindi. Nuru itokayo kileleni mwa mti hupita tunduni ikishuka, ikafika chini ya ukuta; na ile itokayo shinani hupita ikipanda, ikafika juu.

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi yake Misri, alieleza habari hizo za nuru vema sana. Kamera zote za ulimwengu, kubwa na ndogo, hata ile iliyomo ndani ya simu ya mkononi, asili yake ni chumba hicho. Kamera ni chumba kidogo chenye giza. Lenzi ya kioo ndiyo tundu lake. Na mahali pa ukuta wa pili pana kitu cha kuipokea sura na kuishika. Basi kazi ya mpiga picha ni kuitawala nuru iingiayo chumbani humo. Asiyejua habari za nuru, hata akinunua kamera ya thamani kubwa namna gani, hupata picha nzuri kwa bahati tu. Na bahati si ufundi.

2. Jinsi watu walivyojifunza kuishika sura

Kwa muda wa miaka mingi watu walijua kuitazama sura ukutani, lakini hawakujua kuizuia isipotee. Aliyefaulu ni Mfaransa mmoja, Nicéphore Niépce, mwaka 1826 au 1827. Alipaka namna ya lami juu ya bamba la madini, akaliweka ndani ya kamera iliyoelekea nje ya dirisha, akaliacha kwa muda wa saa nyingi, hata sura ya mapaa ya nyumba ikashika. Mwaka 1839 ikatangazwa njia ya Mfaransa mwenziwe, Louis Daguerre, iliyokuwa ya haraka zaidi. Na mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ndogo iitwayo Kodak, ambayo hata mtu asiye fundi aliweza kuitumia. Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Unguja palikuwa na studio ya A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, na picha zake za mji na watu wa siku zile zingali zikitazamwa.

Picha hizo zote zilishikwa kwa dawa. Filamu ilikuwa utepe uliopakwa dawa yenye chembe za fedha, na nuru ikiigusa dawa hiyo huibadili. Kisha filamu ilioshwa gizani kwa dawa nyingine ili sura itokee. Mpiga picha hakujua kama amepata au amekosa mpaka kazi hiyo imekwisha.

Mwaka 1975 kijana mmoja, Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa juu ya utepe wa kaseti. Picha yenyewe ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe tu, nayo ilikuwa na nukta 10,000. Kamera za siku hizi huwa na nukta milioni 24 au zaidi. Jambo la kutafakari ni hili: kampuni iliyolea uvumbuzi huo ilipata faida yake kubwa katika filamu, nayo haikugeuka upesi. Mwaka 2012 Kodak ililazimika kwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Mfanyakazi asiyejifunza mambo mapya ya kazi yake na apate onyo hapo.

3. Kamera ya dijiti hufanyaje kazi?

Mahali pa filamu, kamera ya dijiti ina kibamba kidogo kiitwacho kihisi-nuru. Juu ya kibamba hicho mna visehemu vingi mno, vidogo kuliko chembe ya unga, vimepangwa safu kwa safu. Kila kisehemu ni kama kikombe kilichowekwa uwanjani wakati wa mvua. Mahali mvua ilipokuwa kubwa, kikombe hujaa. Mahali palipokingwa na mti, hupata matone machache. Vivyo hivyo nuru ikiangukia kisehemu, huzaa umeme kidogo. Nuru nyingi huzaa umeme zaidi. Kisha kamera hupima umeme wa kila kisehemu na kuuandika kwa tarakimu. Picha ya dijiti, basi, ni orodha ndefu ya tarakimu. Kila nukta ya picha huitwa pikseli. Ikiwa safu moja ina pikseli 6,000, na safu ni 4,000, picha nzima ina pikseli 24,000,000.

Lakini kikombe hupokea mvua tu, wala hakijui rangi. Kwa sababu hiyo juu ya kila kisehemu huwekwa kioo chembamba chenye rangi moja: nyekundu, chanikiwiti, au samawati. Nusu ya vioo hivyo ni vya chanikiwiti, kwa maana jicho la mwanadamu huiona rangi hiyo vizuri kuliko nyingine. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer, aliyekuwa mtaalamu wa Kodak pia. Kamera hulinganisha hesabu za visehemu vilivyo jirani, ikakisia rangi kamili ya kila pikseli.

Kamera yaweza kuiandika picha kwa njia mbili. Ya kwanza huitwa JPEG: kamera hupunguza tarakimu, ikatoa picha iliyo tayari, nayo haichukui nafasi kubwa. Ya pili huitwa RAW, yaani mbichi: kamera hutunza hesabu zote kama zilivyotoka katika kihisi-nuru, ili fundi azipike mwenyewe katika kompyuta. Picha mbichi huchukua nafasi zaidi, lakini ikitokea kosa dogo la nuru au rangi, hurekebishika kwa urahisi kuliko JPEG.

4. Mambo matatu yanayoitawala nuru

Nuru ikizidi, picha huwa nyeupe kama iliyochujuka. Ikipungua, huwa giza. Mambo matatu ndiyo yanayoipima.

La kwanza ni tundu la lenzi. Ndani ya lenzi mna vibamba vinavyofunguka na kufunga kama mboni ya jicho la paka. Upana wa tundu huandikwa kwa namba 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia kwamba namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Hesabu yake ni rahisi. Urefu wa lenzi hugawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwa na tundu la milimita 25, jawabu ni 2. Tundu likipunguzwa hata milimita 12.5, jawabu ni 4. Kila hatua moja katika orodha ile hupunguza nuru kwa nusu. Tena tundu kubwa hufanya uso wa mtu uonekane vizuri na vitu vya nyuma yake viwe kama ukungu. Tundu dogo huvionyesha wazi vitu vya karibu na vya mbali.

La pili ni mwendo wa kilango, kinachoitwa shata. Shata hufunguka, nuru ikaingia, kisha hufunga. Muda wake hupimwa kwa sehemu za sekunde: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500. Mtoto akimbiaye hutaka 1/500 au upesi zaidi, la sivyo hutoka kama moshi. Hata kama mtu anayepigwa picha ametulia, mkono wa mpiga picha hutetemeka kidogo. Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba sehemu ya sekunde isiwe kubwa kuliko moja kwa urefu wa lenzi: kwa lenzi ya milimita 50, 1/50 au upesi zaidi, kwa lenzi ya milimita 200, 1/200 au upesi zaidi. Kama nuru haitoshi kwa kanuni hiyo, kamera na iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, au hata juu ya meza.

La tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera hukuza umeme uliotoka katika kihisi-nuru. ISO 100 ni ya mahali penye nuru nyingi. 200, 400, 800 na 1600 hufuata, na kila moja ni mara mbili ya iliyotangulia. Lakini umeme dhaifu ukikuzwa sana, makosa yake nayo hukua, na picha hujaa vijidoa kama mchanga.

Mambo hayo matatu hushikamana. Mtu ajazaye mtungi bombani aweza kufungua bomba sana kwa muda mfupi, au kidogo kwa muda mrefu, na maji yakawa yale yale. Vivyo hivyo tundu la 8 pamoja na 1/125 huleta nuru ile ile iletwayo na tundu la 5.6 pamoja na 1/250, au la 4 pamoja na 1/500. Nuru ni sawa, lakini picha si sawa, na hapo ndipo akili ya fundi inapotakiwa. Anayetaka kuanza bila chombo cha kupimia na ashike kanuni hii ya zamani: jua likiwaka bila wingu, tundu liwe 16, na shata iwe moja kwa hesabu ya ISO. ISO ikiwa 200, shata ni 1/200.

5. Nuru ya nchi za joto na uso wa mtu

Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa katika nchi za baridi, ambako jua hupita chini mbinguni. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la saa sita husimama utosini. Macho ya mtu huingia katika kivuli cha paji la uso, na chini ya pua hutokea weusi kama sharubu. Basi saa hizo afadhali watu wahamishwe chini ya mwembe au ndani ya baraza, mahali penye kivuli kilicho sawa, nao waelekee upande ule nuru itokako. Nuru iliyo tamu ni ya asubuhi mapema na ya jioni. Lakini katika nchi hizi jua hupanda na kushuka wima, kwa hiyo nuru hiyo haikai. Mpiga picha na awe tayari mahali pake kabla ya saa, asije akatafuta betri huku jua likizama.

Tena pana jambo ambalo limewatia wengi aibu. Kamera ina kipimo cha nuru, lakini kipimo hicho ni kipofu. Hudhani ya kuwa kila kitu duniani kina rangi ya kijivu, katikati ya nyeusi na nyeupe. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera husema moyoni, “Nuru imezidi,” ikaipunguza. Kanzu hutoka ya kijivu, na uso wa mzee hutoka mweusi pasipo macho wala tabasamu. Kosa si la uso. Kosa ni la kipimo. Dawa yake ni kuiongeza nuru kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, hata ifike +1, yaani nuru mara mbili. Kinyume chake, mtu aliyevaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi hutaka −1.

Katika siku za filamu jambo hilo lilikuwa zito zaidi. Kadi ambazo maabara zilitumia kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na mafundi waliziita “Shirley”. Rangi ikawekwa sawa kwa ngozi yake, na watu weusi walitoka katika picha wamepoteza sura zao. Baadaye watengenezaji walirekebisha kazi yao. Habari hizo zafundisha kwamba chombo hubeba mawazo ya aliyekitengeneza. Fundi mwenye akili hukijua chombo chake, akakitiisha, ili mtu aliye mbele yake apewe sura yake ya haki.

6. Vyombo

Wazee walisema, “Mchagua jembe si mkulima.” Kijana ajifunzaye aweza kuanza kwa simu ya mkononi. Simu itamfundisha mahali pa kusimama, upande wa nuru, na namna ya kuondoa takataka pembeni mwa picha. Lakini kihisi-nuru cha simu ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha kamera kubwa, ambacho chaweza kuwa cha milimita 36 kwa 24. Mahali penye nuru haba, kama ukumbini usiku, tofauti huonekana.

Akiisha kuwa na fedha, anunue kamera moja nzuri, hata ikiwa imetumika, na lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la 1.8. Lenzi hiyo ni nyepesi, bei yake si kubwa, na hufanya kazi vizuri penye nuru kidogo. Anayenunua kamera iliyotumika na aulize shata imefunguka mara ngapi, kwa maana shata huchakaa. Nyingi hutengenezwa zidumu mara 100,000 au 200,000. Na aitazame lenzi mbele ya taa. Akiona kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na asiinunue.

Kuvu hiyo hupenda unyevu, na watu wa pwani wapaswa kujihadhari nayo. Kamera ikifungiwa ndani ya mfuko wa ngozi na kuwekwa kabatini kwa miezi, kuvu humea juu ya kioo na kukila. Dawa ni kuiweka katika chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu. Mchanga na chumvi ya bahari ni adui pia. Lenzi isifutwe kwa pembe ya shati: kwanza vumbi lipulizwe kwa kipulizo cha mpira, kisha kioo kifutwe polepole kwa kitambaa laini.

7. Kuilinda amana

Bibi mmoja mzee ahudhuria harusi ya mjukuu wake. Hajapigwa picha kwa miaka mingi, wala hapendi. Lakini siku hiyo, kwa furaha, akubali kuketi karibu na bibi harusi. Miezi miwili baadaye afariki dunia. Watoto wake wamwendea mpiga picha. Kama picha ipo, wataishika kwa mikono miwili. Kama haipo, hakuna fedha iwezayo kuirudisha, wala mtu awezaye kuipiga tena. Mpiga picha kila siku huwekewa amana ya namna hiyo, naye mara nyingi hajui ni picha gani itakayokuwa ya mwisho.

Lakini kadi ya kumbukumbu ni kitu kidogo kama ukucha. Hupotea, huibiwa, huharibika. Kwa hiyo mafundi wana kanuni ya 3, 2, 1: nakala tatu za kila picha, juu ya vyombo vya namna mbili, na nakala moja iwe mahali pengine, mbali na nyumba ile, ili moto au mwizi asizipate zote. Mpiga picha akirudi kazini usiku amechoka, asilale kabla ya kunakili picha zake. Tena kadi isifutwe mpaka nakala zimefunguliwa na kuonekana kuwa ni nzima. Ikiwa kadi imefutwa kwa bahati mbaya, isitumiwe tena hata mara moja. Kwa maana mara nyingi picha zingalimo, na programu maalumu yaweza kuzirudisha, maadamu picha mpya hazijaandikwa juu yake.

8. Hesabu ya biashara

Wapiga picha wengi wanajua kazi, lakini biashara zao zimekufa. Wameona fedha mkononi wakadhani kwamba yote ni faida. Hesabu ifuatayo ni mfano tu, lakini njia yake ni ya kweli.

Kijana amenunua kamera kwa shilingi 1,500,000, lenzi kwa 500,000, na kadi, betri na mfuko kwa 400,000. Jumla ni shilingi 2,400,000. Akidhani vyombo hivyo vitadumu miaka minne, basi kila mwaka vyala 600,000, na kila mwezi 50,000. Akipata kazi tano kwa mwezi, kila kazi yapaswa kutoa shilingi 10,000 kwa uchakavu wa vyombo. Asipoziweka akiba, siku kamera itakapokufa atakuwa hana kazi wala chombo.

Sasa apata harusi, naye ataka shilingi 150,000. Nauli ni 15,000, msaidizi 30,000, kuchapa picha 60,000, umeme na intaneti 5,000, uchakavu 10,000. Gharama zote ni 120,000. Faida ni 30,000 tu. Tena alifanya kazi siku moja ya harusi, na siku mbili za kuchagua na kusafisha picha. Kwa hiyo ujira wake ni shilingi 10,000 kwa siku. Jirani yake atakaye 120,000 ili amnyang'anye kazi hiyo, na mwenye gharama kama zake, afanya kazi siku tatu bure, wala hajui. Ndiyo maana wahenga walisema, “Mali bila daftari huisha bila habari.”

Basi mpiga picha na awe na daftari lenye safu mbili, mapato na matumizi, na aandike kila siku. Fedha za kazi zisichanganywe na za nyumbani. Kabla ya kazi pafanywe mapatano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja: siku na mahali, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya picha, siku ya kuzitoa, na bei. Achukue arbuni, atoe stakabadhi, na salio lilipwe kabla ya picha kutolewa. Akiahidi wiki mbili, atoe kwa wiki mbili. Mteja aliyengojeshwa miezi mitatu hasemi habari za uzuri wa picha. Husema habari za kungojeshwa.

Wala kazi ndogo zisidharauliwe. Picha za pasipoti, za vitambulisho na za shule hazina sifa kubwa, lakini huja kila siku, nazo hulipa kodi ya chumba wakati ambapo hakuna harusi.

9. Heshima ya mtu

Kamera humpa mtu mmoja nguvu juu ya mwingine. Ndiyo sababu kazi hii hutaka adabu. Mpiga picha huomba ruhusa. Hampigi picha mgonjwa kitandani, wala mfiwa aliaye, kwa kujiibia. Watoto hupigwa picha kwa idhini ya wazazi wao. Hilo si la adabu tu, bali ni la sheria pia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwaka 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya mamilioni ya shilingi kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa upande mwingine, sheria za hakimiliki za nchi hizo humlinda mpiga picha, ili mtu asiitwae kazi yake na kuiuza kama kwamba ni yake.

10. Mtu mmoja na kamera yake

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Alianza kupiga picha angali mwanafunzi, na mwaka 1963 akafungua biashara yake, Camerapix, mjini Dar es Salaam, kisha akaihamishia Nairobi. Mwaka 1984 nchi ya Uhabeshi ilikuwa na njaa kuu, na mataifa hayakujali. Mwezi wa Oktoba alifika huko Korem pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Watu walikuwa wakifa alfajiri kwa njaa na baridi. Amin hakupiga kelele; alisimama imara akazichukua sura zile kwa utulivu. Zilipoonyeshwa Uingereza, kisha katika nchi nyingine, watu walioziona walishtuka, na msaada mkubwa ukakusanywa. Habari za njaa zilikwisha kuandikwa kabla ya hapo. Lakini waliosoma hawakuona, na walioona hawakuweza kusema kwamba hawajui.

Mwaka 1991, huko Addis Ababa, ghala ya silaha ililipuka, naye akapoteza mkono wake wa kushoto. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Kwa maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliaga dunia tarehe 23 Novemba 1996, wakati ndege iliyotekwa na watu waovu ilipoanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija.

Si kila mpiga picha atakayeitwa kwenda Korem. Wengi watafanya kazi katika chumba kidogo karibu na soko, wakipiga picha za wanafunzi, za maharusi, na za wazee waliokuja kutafuta kitambulisho. Lakini mwenye chumba kile na mwenye kazi ile kuu wafanya jambo moja. Mtu huja mbele yao kwa dakika chache, kisha huenda zake, na baada ya miaka mingi sura yake ndiyo inayobaki. Basi aliyejifunza kupima nuru, akalinda kadi yake, akaandika daftari lake, na kumheshimu aliye mbele yake, huyo ndiye mpiga picha, hata kama kamera yake ni ndogo.